Mshale Umesimama

Maji ya rejeta yakishakaa ndani ya chuma kwa miaka yana harufu yake: kutu, moshi kidogo, na utamu fulani ambao sijui hutoka wapi. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye gereji ya Fundi Wafula hapa Busia, upande wa Kenya, akayamwaga maji hayo kwenye karai, na harufu ikanijia puani. Nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, miguu haigusi sakafu ya gari, macho yameganda kwenye kioo kidogo cha duara. Nilikuwa nimeenda pale kwa ajili ya moshi tu, maana gari lilikuwa limeanza kutoa moshi wa bluu.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yangu, Pijo pikapu ambayo zamani ilikuwa nyeupe na baadaye ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Baba ni Japadhola wa Mulanda, kule Tororo, Uganda. Mama alikuwa Msamia wa Busia, na mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Tuliishi Busia, na Baba alikuwa akivuka mpaka kwenda kununua muhogo na wimbi huko Mulanda na Sop Sop, kisha anauleta sokoni kwetu. Kiswahili chake alikiokota sokoni na mpakani, mimi changu nilipewa na mwalimu mkali aliyetutia ngeli kichwani kwa fimbo. Basi Baba akisema meza anavunjika, mimi namsahihisha, tena mbele ya wageni. Hakuwahi kukasirika.

"Meza anavunjika, meza inavunjika," alikuwa akisema, "chakula si namwagika tu?"

Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba nyumba yetu iliwahi kuwa na kicheko.

Baba aliitunza injini ile kama mtu anayemtunza mzazi wake. Asubuhi aliiamkia kwanza, halafu akaiacha ingurume taratibu mpaka yeye mwenyewe aridhike kwamba imeamka vizuri. Oili aliipima kabla ya safari na baada ya safari. Waliokuwa wakimpita barabarani kwa mbio aliwasikitikia kwa dhati, akisema injini zao zinalia na wenyewe hawasikii. Ila stata ilikuwa mbovu, na stata nyingine haikupatikana, kwa hiyo gari liliwashwa kwa kusukumwa au kwa mteremko. Tukienda kutembelea watu, tuliegesha kwenye kilima cha karibu, tukatembea. Hata kanisani tulifika kwa miguu ilhali tuna gari, na wenzangu walinitania sana. Kwenye tambarare Baba hakuzima injini hata iweje.

Geji ya joto, yaani kile kioo cha kuonyesha moto wa injini, nayo ilikuwa imekufa. Fundi fulani alifunga nyingine ya mitumba, akaiweka upande wa kushoto chini ya dashibodi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na tundu tayari. Dereva hakuweza kuiona bila kuinama. Ndivyo nilivyopata kazi yangu. Nilikaa kiti cha kushoto na kuulinda mshale, ambao Baba aliupa jina la Mzee. Injini ikiwa baridi, Mzee amelala. Ikipata moto wa kawaida, Mzee ameketi. Ikizidi, mshale ukielekea juu kabisa, Mzee amesimama, na hapo sheria ilikuwa moja: kuzima papo hapo, popote pale, kabla injini haijaharibika. Kwa miaka yote ya kazi yangu Mzee hakuwahi kusimama. Tulikuwa tukiimba tu njia nzima, Baba akiuliza, "Mzee nafanya nini?" nami najibu, "Ameketi, anakunywa chai."

Likizo moja tulikuwa Mulanda kwa mama yake Baba. Mama alikuwa mjamzito, lakini siku zake zilikuwa bado, ndiyo maana walithubutu kusafiri. Uchungu ukamshika asubuhi, wakati tukimenya muhogo. Nyanya, ambaye alishazalisha wanawake wengi pale kijijini, alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Tororo hospitalini, apelekwe sasa hivi. Baba alishusha magunia, akatandika godoro nyuma. Mama akalala, Nyanya akakaa naye akimshika kichwa. Wanaume wa jirani wakasukuma, gari likawaka.

"Wewe naangalia Mzee," Baba aliniambia. "Mimi naangalia njia."

Hajawahi kuendesha vile kabla wala baada. Vumbi liliingia kwa kila tundu, na kila shimo lilipotupiga nilimsikia Mama nyuma. Mwamba wa Tororo ulikuwa unaonekana mbele yetu, mkubwa, na haukuonekana kusogea hata kidogo. Macho yangu yalikuwa kwenye geji. Mzee aliketi, kisha akaanza kuinuka. Kidogo. Kidogo tena. Nikaogopa kusema, maana nilijua nikisema tutazima, na tukizima tumekwisha. Nikawa naomba Mungu moyoni. Halafu mshale ukaacha kupanda. Ulitulia palepale, juu kidogo tu ya mahali pake pa kuketi, na nilipouangalia tena ulikuwa hapohapo. Furaha ilinijaa, nikageuka kumpa Baba habari njema.

"Baba, mshale umesimama."

Nilisema kama nilivyofundishwa shuleni, ngeli sawasawa. Nilimaanisha umekoma, haupandi tena, twende. Sikusema Mzee, nilisema mshale. Sikusema amesimama, nilisema umesimama. Kwangu mimi hayo yalikuwa maneno mawili tofauti kabisa, na ule mchezo wetu ulikuwa mbali na mawazo yangu siku hiyo.

Baba alizima injini.

Gari lilijiburuta likasimama kando ya shamba la wimbi, mahali tambarare kama meza. Baba aliruka chini, akafungua boneti. Nilibaki kitini nikishangaa kwa nini habari njema imetusimamisha. Kupitia upenyo chini ya boneti niliona mikono yake. Alilishika bomba la maji, akaliminya. Akachukua kitambaa, akafungua kifuniko cha rejeta polepole, uso ameugeuzia pembeni. Hakukuwa na mvuke. Akachungulia. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Mzee alipanda mpaka wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapa.

Alikitazama kidole changu, akanitazama mimi. Sura yake ile ninayo mpaka leo, na kwa miaka mingi niliamini ni sura ya mtu anayehofia gari lake. Nyanya akapiga kelele kutoka nyuma kuuliza kuna nini.

"Imechemka," Baba akajibu. "Injini imechemka."

Akaanza kusukuma peke yake, bega mlangoni, gari halisogei. Akakimbia shambani kutafuta watu. Alirudi na wanawake waliokuwa wakipalilia, na mmoja wao, mama mnene mwenye jembe begani, alipochungulia nyuma na kumwona Mama, alimgeukia Baba kwa hasira.

"Mwanamke nakufa hapa, wewe nazima gari?"

"Ilichemka, mama."

"Wacha ichemke! Iungue! Gari si nanunua ingine?"

Walisukuma wakateleza, wakasukuma tena. Sijui tulikaa pale muda gani. Najua kwamba gari lilipowaka hatimaye na tukafika hospitalini, Mama alikuwa kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko vilio vyote. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka hakulia. Mkunga alisema tu kwamba alichoka njiani.

Tulimzika Mulanda, nyuma ya nyumba ya Nyanya. Mama hakushika mimba tena.

Kuanzia hapo kicheko kiliisha. Mama hakugombana na Baba, na ingekuwa afadhali wangegombana. Kila aliyeuliza aliambiwa na Baba mwenyewe: injini ilichemka, nikazima. Watu wakaelewa wanavyoelewa watu, kwamba mtu yule aliihurumia injini kuliko mke wake. Na gari likaendelea kuishi. Magari ya wenzake yalikuja na kufa, Pijo ikavuka mpaka asubuhi na jioni, viti vikabadilishwa, milango ikabadilishwa, injini ni ileile. Watu wa sokoni walimsifu. Gari hii haizeeki, Baba Athieno, walisema, wakimwita kwa jina langu. Na Mama, akiwa karibu, aliitikia kwa upole huku akipepeta wimbi wake.

"Ndiyo. Hilo linaishi."

Kila mara Baba aliinama kupima oili. Na mimi? Mimi nilikuwa upande wa Mama. Niliacha kukaa kiti cha mbele. Siku ya kwanza nilipopanda nyuma na mizigo, aliniuliza ni nani sasa atamwangalia Mzee.

"Mwangalie mwenyewe," nikamwambia.

Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini niliyasema yale nikijua yanauma, na niliendelea kumnunia hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Nilipoolewa nilimwomba asije na gari lile. Alikuja na basi.

Jambo moja lilikuwa likinishangaza. Mtu aliyeipenda injini kiasi kile hakuruhusu fundi yeyote aifungue juu. Kila kitu kingine walifungua. Lakini kile kifuniko kizito cha juu, ambacho mafundi hukiita hedi, alikikataza katakata, hata nguvu zilipopungua, hata moshi ulipoanza. Mafundi walisema ni maringo, anataka aendelee kujisifu kwamba haijafunguliwa tangu kiwandani. Mimi pia nilisema hivyo. Mama naye alifariki akisema hivyo.

Mwaka huu macho ya Baba, ambaye siku hizi anaishi Mulanda, yamedhoofika. Akanipa gari. Alinikabidhi ufunguo na sharti lilelile: mtu asifungue juu. Nikaitikia, nikavuka mpaka, nikampelekea Wafula, nikamwambia afungue.

Alipoitoa hedi aliiweka juu ya benchi, akaifuta kwa petroli, akalaza rula ya chuma juu yake na kuchungulia mwanga. Akaigeuza, akachungulia tena. Akaniita.

"Madam, mzee wako alikuwa anaipenda hii kitu. Hii hedi haijawahi kutolewa. Gasketi ya chini yake ni ile ya kiwanda. Na iko sawa kabisa, haijapinda hata kidogo."

"Haijapinda?"

"Hii injini haijawahi kuchemka. Ingechemka hata siku moja vile wazee huchemsha, hedi ingepinda, mimi ningeona hapa."

"Ilichemka," nikasema. "Nilikuwepo."

Wafula alinitazama kama mafundi wanavyowatazama wateja wabishi. "Basi ilikuwa gari ingine," akasema, akarudi kazini.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu pale gerejini. Harufu ya yale maji ilikuwa bado kwenye karai, na neno langu likanirudia kama nilivyolitamka, kwa ngeli yake safi ya shuleni. Umesimama. Baba, ambaye kwake u na a ni kitu kimoja, alisikia kusimama, akafanya alivyoniahidi kufanya siku zote nikisema hivyo. Aliniamini. Na alipofungua boneti, akaona maji yametulia, akaona kidole changu kimeelekea mahali ambapo si pa hatari, alielewa kila kitu palepale kando ya wimbi. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili ajitoe. Mtoto alikosea. Nani angemlaumu? Badala yake akasema injini, na akaendelea kusema injini kwa mkunga, kwa Nyanya, kwa mkewe kila walipolala na kila walipoamka, akakubali aitwe mtu aliyependa chuma kuliko mwanawe. Hakulitunza gari lile kwa maringo. Alijua injini haisemi uongo ikifunguliwa, akaifunga kwa ajili yangu. Nami nilimlipa kwa kukaa nyuma na magunia.

Juzi nilienda Mulanda kumwona. Alikuwa ameketi kibarazani, akanitambua kwa hatua. Nilimsalimia, nikakaa karibu naye. Akauliza hali ya watoto, akauliza mvua ya Busia. Halafu akauliza lile alilokuwa akingoja kuuliza.

"Fundi nafungua juu?"

Sikuweza kumdanganya kwa hilo. "Alifungua, Baba. Nisamehe."

Mkono wake uliacha kusogea gotini. "Nasema nini?"

Mama alikuwa kaburini, hatua chache kutoka pale, kando ya yule mtoto. Hakuna aliyebaki wa kuambiwa ukweli ila mimi na yeye.

"Anasema ilichemka," nikamwambia. "Siku moja, zamani. Hedi imepinda kidogo."

Baba alivuta pumzi, akaiachia polepole, mabega yakashuka.

"Mimi nawaambianga kila siku," akasema.

Nikamshika mkono, nikaushikilia, naye akaniacha niushike. Nilitaka kumwambia asante. Sijamwambia, na sioni nitamwambiaje bila yeye kujua kwamba najua.