Tundu la Nguzo ya Tatu

Kwa miaka ishirini na saba, ukumbi wa jamii wa mtaa wetu ulitunzwa na mtu mmoja, aliyeitwa Patasi kwa sababu hakuonekana bila chombo hicho mfukoni. Jengo lilikuwa la zege tupu, paa lake bapa, kuta zake za matofali ya matundu yaliyopitisha upepo. Wanafunzi wa usanifu walikuja kulipiga picha. Patasi alikuja kulipiga deki. Mkewe aliwaambia majirani kwamba yeye ni mke mdogo tu, mkubwa ni ukumbi.

Ulipofungwa ili ukarabatiwe na kurudishwa kwa wananchi, Patasi alikuwa na ombi moja: ukifunguliwa, arudi kuutunza. Katibu wa kamati ya ukarabati alimwahidi kwa mdomo. Patasi hakudai karatasi.

Michoro ya asili ilikuwa imepotea, na wahandisi hawakujua maji ya paa yalishukia wapi, maana msanifu aliyaficha mabomba ndani ya nguzo. Patasi aliwaonyesha yote kwa kugonga zege na kutega sikio. Mhandisi mkuu, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alimwita baba na kumtania kwamba angalisoma, wao wote wangalikosa kazi.

Mimi nilipewa jukumu la kurekodi kumbukumbu za jengo. Nilimuuliza kuhusu nguzo ya tatu, iliyokuwa na tundu kiunoni. Alijibu kwa fahari kwamba bomba liliziba, maji yakatuama juu ya paa, dari ikaanza kuvujia darasa la ushonaji. Akaitoboa nguzo, maji yakatoka, na ukumbi haukufungwa hata siku moja. Niliirekodi sauti yake, nikainukuu neno kwa neno, kama nilivyofunzwa, nikaikabidhi kwa kamati.

Miezi minne baadaye katibu alimwita ofisini, akamsomea ukurasa wa ripoti. Vyuma vya nguzo ya tatu vilikuwa vimeliwa na kutu kutokana na uharibifu wa mtumishi asiye na ujuzi, ambaye amekiri mwenyewe. Kamati isingeweza kumkabidhi tena jengo la thamani hiyo.

“Mzee wangu, si mimi,” katibu alisema. “Ni maneno yako haya.”

“Maneno ni yangu, mwanangu. Kukiri ni kwenu.”

Kesho yake alinijia, akaketi bila kukaribishwa, akaniomba niifute sauti yake. Nilimweleza kwamba kumbukumbu ikishapokewa haifutwi, huongezewa tu.

“Basi washa.”

Akazitaja barua tisa alizoiandikia ofisi ya mtaa kuomba fundi bomba kabla hajaigusa nguzo: tarehe ya kila moja, na aliyeipokea. Ya tano ilipokewa na katibu huyohuyo, enzi za ukarani wake. Mimi sikuwa nimemuuliza alifanya nini kabla ya kutoboa, na hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa wiki ya kwanza.

Ukumbi umefunguliwa, nao ni mzuri, sitasema vinginevyo. Nguzo ya tatu imezibwa hata kovu halionekani. Mtunzaji mpya ana cheti. Jumanne na Alhamisi Patasi humsindikiza mkewe kwenye ushonaji hadi ngazi ya kwanza, kisha hugeuka kurudi.

Nyongeza ile niliipeleka kwa kamati kwa mkono wangu. Walinijibu kwa adabu kwamba ripoti ilikwisha kuchapwa.