Simu ya Kaka Yangu Ilikuwa Bado Barabarani

Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa hiyo nimeiandika ndani ya jalada la daftari hili, ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba niliota. Sikuota. Nilikuwa macho kabisa na jua linawaka mtaa wetu wote wa Kisugu. Unafikiri wafu wanangoja giza? Basi nisikilize.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akitaja jina langu natamani sakafu inimeze. Lakini hili nitaliandika lote, hata sehemu inayonitia aibu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini alikuja kwangu.

Kaka yangu Rajabu aliendesha boda, pikipiki ya abiria. Alifariki siku ya mvua, kwenye mteremko wa Mbuya. Lori lilimkuta konani. Arobaini yake tulikuwa tumeshaisoma. Simu yake ilirudi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, imechubuka pembeni tu, lakini kamera yake ilikuwa mbovu. Ukiifungua, picha inatetemeka bila kupumzika, hata ukiilaza simu mezani.

Jumamosi mama akanituma nayo mjini, Nakivubo, kwa fundi mmoja Mkongomani anayekaa chini ya ngazi za jengo la maduka. Aliitazama kidogo tu akacheka, akaniita mdogo kwa Kifaransa chake.

"Petite, hii simu ilikuwa inaendesha boda?"

"Kaka yangu ndiye alikuwa anaendesha."

"Na aliifunga kwa usukani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Maboda wote wanafanya hivyo, wanaifunga simu mbele yao ili waone njia na wateja wanaoita.

"Ndiyo hiyo. Iko na ugonjwa ya boda." Akachukua kamera nyingine iliyokufa, akaifungua kwa kibano, akanionyesha kibati kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. "Hii ndiyo inashika picha. Haikai ngumu, inaelea. Springi hizi zinaibeba, unaziona? Nyembamba kama unywele. Mkono yako ikienda kushoto, yenyewe inakimbia kulia, ili picha itulie. Sasa mtu anaifunga juu ya injini mwaka mzima! Springi zimechoka, maskini." Kamera nyingine angeipata Jumatatu. Akanirudishia simu. "Usifungue kamera mpaka niibadilishe. Unanisikia, petite?"

Nilimsikia. Sikumtii.

Jumapili mama alikwenda kumtazama mgonjwa, nikabaki peke yangu ndani. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, inatazama mlangoni, nikafungua kamera. Kwa nini? Kwa sababu mtetemo ule niliujua. Ndio niliokuwa nausikia mwilini kila asubuhi, nimekaa nyuma ya Rajabu, ananipeleka shule. Nilitaka kuuona tu, kidogo.

Kwenye kioo cha simu pazia la mlango lilitetemeka. Nikiliangalia pazia lenyewe, limetulia tuli.

Halafu picha ikaruka. Ikatulia, ikaruka tena. Mara tatu. Niamini, meza sikuigusa, nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Matuta matatu. Na kwetu kuna matuta matatu kabla hujafika barabara kubwa. Picha ikalala upande mmoja taratibu, ikanyanyuka, kama boda inayopita kona. Kisha ikapigwa mara mbili haraka haraka, na mwili wangu ukajua kabla ya akili: reli ya Namuwongo. Pale lazima umshike mabega.

Simu ilikuwa inakwenda shuleni kwangu.

Picha ikainama kwa nyuma, mtetemo ukawa mzito, injini inalalamika kupanda kilima cha Mbuya, ilipo shule yetu. Halafu mwendo ukaisha. Ukabaki ule mtetemo mdogo wa boda iliyosimama na injini haijazimwa. Langoni. Anangoja.

Sasa ile sehemu ya aibu. Rajabu alikuwa anawabebea watu maji asubuhi, na siku nyingine alikuja kunichukua shuleni jerikeni zikiwa bado zimefungwa nyuma ya boda. Wasichana wa darasa langu walicheka mpaka wakashikana. "Dada, jerikeni yako imefika! Kimbia, maji yatamwagika!" Siku ile ya mvua nilimwona akifika, nikaingia chooni. Nilimchungulia dirishani. Alitazama madirisha ya shule moja baada ya jingine, akaenda kumwuliza askari wa lango, akarudi, akangoja tena. Nikamwacha angoje. Wasichana walipomaliza kuondoka na yeye alikuwa ameondoka. Nikatembea mpaka nyumbani njia ya nyuma, nimelowa, nimemkasirikia. Yeye ndiye niliyemkasirikia, unaona?

Mama aliponiuliza nikasema nilimkataza asije. Tangu hapo akawa anamwuliza kila mtu: mwanangu alikuwa anatafuta nini Mbuya, saa ile, mvua ile? Na watu hawakosi jibu. Mmoja akasema alikuwa na mwanamke huko. Mama Zubeda, wa nyumba ya tatu, akasema alikuwa anakimbia polisi na mali ya wizi. Alilisema msibani kwetu, mama anasikia. Nami nilikuwa pale pale, nimeshika sinia ya vikombe, nikaendelea kugawa chai.

Basi nilikuwa nikiutazama mtetemo ule wa kungoja, pazia likasogea. Kwenye simu tu. Rajabu alikuwa amesimama mlangoni.

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na nje jua. Hakunitazama. Alikuwa anatazama juu yangu, ukutani, macho yanahama polepole kutoka hapa kwenda pale. Nilielewa anafanya nini. Alikuwa anahesabu madirisha. Alikuwa bado ananitafuta.

Nikainua macho kutoka kwenye simu: pazia tu. Nikarudi kwenye simu: yupo, anapangusa uso, anageuka kama mtu aliyekata tamaa.

"Rajabu!" Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu kama siku hiyo. "Usiondoke! Niko ndani! Nilijificha, nilikuona, nilijificha!"

Akageuka. Akaniona. Nitakuambiaje uso ule? Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyempata mtoto aliyepotea sokoni, mabega yakashuka. Kisha mlango ukawa mtupu na picha ikaanza kuteremka.

Nilijua mteremko ule unaishia wapi. Nikaikamata simu kwa mikono miwili, nikaibana kifuani, nikaishikilia kwa nguvu zangu zote ili isiende. Ndani yake nikasikia kitu kidogo kikienda upande mmoja. Tak. Kisha kimya.

Kamera ile haitetemeki tena. Fundi aliipima baadaye akaniuliza nani ameigusa, maana springi haziponi zenyewe. Lakini kila picha inayotoka sasa imelala kidogo kushoto, na mama amekataa ibadilishwe. Na mimi, boda yoyote ikisimama nje ikinguruma bila kuondoka, lazima nitoke niangalie, hata nikiwa na chakula mdomoni. Usinicheke. Wewe pia, akija mtu wako kukuchukua, na boda yake mbovu, na nguo zake za kazi, na wenzako wanatazama, toka. Toka upesi. Wengine hawaachi kungoja hata wakifa.

Usiku wa Jumapili ile sikulala. Jumatatu asubuhi, nimeshavaa sare, nilimkuta mama anachuja chai.

"Mama, Rajabu alikuja kunichukua mimi. Sikumkataza. Nilijificha kwa sababu ya aibu."

Akaweka chujio chini.

"Alikungoja sana?"

"Sana, mama."

"Kwenye mvua? Si alikuwa na koti?"

"Alilivua. Alifunika nalo kiti cha boda, nisije nikakaa kwenye maji."

Mama akajifunika uso kwa ncha ya leso. Nilingoja anipige. Alipoufunua alinishika mkono, juu ya kiwiko, akanitoa nje hivyo hivyo mpaka bombani, walikokuwa wamesimama wanawake wa mtaa. Mama Zubeda alikuwa anakinga maji.

"Haya," mama akasema. "Yaseme tena. Kwa sauti."

Walinigeukia wote. Nikasema tena, tangu mwanzo, kwa sauti.