Neno la Kumjibu Babu

Nitaanza kwa kutenga. Yako mambo niliyoyaona kwa macho yangu, katika darasa langu na katika ua mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Na yako mambo niliyosimuliwa na watu ambao nao walisimuliwa. Niliambiwa kwamba chombo cha kumsemea mtoto mmoja wa darasa langu kilisikika kikisema peke yake ndani ya kabati la shule baada ya masomo. Mimi sikukisikia, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Niliambiwa pia kwamba mtoto mwenyewe alitamka neno zima kwa kinywa chake sokoni. Aliyeniambia hakuwapo sokoni siku hiyo. Hayo nayaacha nje ya mlango. Yanayofuata niliyashuhudia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya chama kimoja. Tulikuwa bado tunavaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na kuitana citoyen, yaani raia, na bomba refu la kampuni ya shaba lilikuwa bado linatoa moshi juu ya Lubumbashi bila kupumzika. Katika shule yetu ya msingi palikuwa na darasa dogo la watoto wenye ulemavu. Mkurugenzi alinikabidhi darasa hilo akisema kwamba nina subira. Walimu wenzangu walionijua walitazama dari.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo msichana wa umri wa kama miaka kumi. Alizaliwa kwa shida. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, alitembea kwa kuyumba, na kinywa chake kilitoa sauti lakini hakikutoa maneno. Masikio yake yalikuwa mazima, na macho yake yalikufuata kila ulipokwenda. Mama yake alikuwa mjane, muuza samaki wakavu katika soko la Kamalondo. Samaki hao walitoka Pweto, kwenye Ziwa Mweru, kwa baba yake mzazi, babu wa mtoto.

Chombo kililetwa na mtawa mmoja kutoka Ulaya, mwanamke mwenye ujuzi wa watoto wa namna hii. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa mkoba wa shule, chenye miraba usoni. Juu ya kila mraba tulibandika picha, na chini ya picha tukaandika neno. Mtoto akigandamiza mraba, kisanduku kilitoa neno lililorekodiwa humo. Usiku kilichomekwa kwenye umeme, mchana kikafanya kazi. Mwanzoni maneno yalirekodiwa kwa sauti ya mtawa, na darasa zima likaangua kicheko kila mtoto alipoomba maji kwa lafudhi ya Kizungu. Nikamwita binti wa jirani yake, wa rika lake, naye akayasema upya. Kicheko kikakoma.

Maneno yalichaguliwa na kamati ya walimu na wazazi, nami nilikuwamo. Miraba haikutosha kila kitu, kwa hiyo tulibishana, na mwisho tukakubaliana juu ya yale ambayo kila mtu mzima alitaka kuyasikia kutoka kwa mtoto: ndiyo, hapana, asante, tafadhali, samahani, nimefurahi. Kisha yakafuata maneno ya masomo na ya mahitaji: maji, mkate, samaki, kavu, meno, mkono, kitabu, mwalimu, mama, mzee, choo. Neno “hapana” tulilitia kwa ajili ya maswali ya darasani, si kwa ajili ya kumkatalia mtu.

Nilimfundisha kusoma kwa njia hii. Neno lilipozoeleka, nilipunguza picha kwa mkasi, wiki hii nusu, wiki nyingine robo, mpaka pakabaki maandishi peke yake. Mwenzangu mmoja alinicheka. “Hasomi huyo,” alisema. “Anajua mahali tu, kama kuku anavyojua mlango wa banda.” Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Basi mchana mmoja, watoto wakiwa nje, nilibadilisha kila kitu: “maji” nikalihamishia pembeni, “kitabu” juu, “mkate” chini, nikarekodi upya. Mtoto aliporudi nikamwomba aniambie anataka kunywa nini. Mkono wake ulikwenda mahali pa zamani ukasimama hewani. Akainamisha kichwa, akapitisha macho mstari kwa mstari, akalipata. Mwenzangu alikuwa mlangoni. Aliliona hilo kwa macho yake, akarudi darasani kwake.

Ndipo babu alipokuja.

Alifika mjini kwa lori pamoja na magunia yake, mzee mrefu, mwenye mvi, aliyebakiwa na meno machache. Jioni hiyo mama alinialika katika ua wao, nije na chombo, kwa sababu alikwisha kujua baba yake alikuja kwa nini. Kwa watu wa kule ziwani mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mzee huyu lilikuwa la mwisho. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake anachekwa barabarani na kwamba shule imempa mashine ya kumsemea. Alitaka kumchukua akamtunze Pweto. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Kule angekula vizuri, angependwa na bibi yake, na angenyamaza. Maana nyumbani kwa mzee hapakuwa na umeme, na chombo kilikuwa mali ya shule, hakikuruhusiwa kutoka mjini.

Inafaa nieleze desturi, kwa wale wasioifahamu. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, akamdai chakula na mapenzi, na mjukuu hana budi kumkataa kwa maneno makali: amcheke mvi, magoti na harufu ya tumbaku. Akimwambia baba yake maneno hayo atachapwa. Akimwambia babu atapewa karanga. Ndiyo salamu yao, na mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu.

Mzee alijikalisha mbele ya mtoto, akapiga makofi mara mbili.

“Muke wangu! Nilikuya kukubeba. Utanipikia bukari kila siku. Unanipenda?”

Mtoto aligandamiza. “Ndiyo,” kikasema kisanduku.

Mzee alingoja, kwa kuwa hilo halikuwa jibu. “Hata na hii mivi yangu?”

“Ndiyo. Asante.”

Wanawake wa uani walicheka. “Anasemaka sawa mon père wa misioni,” alisema mmoja, akimaanisha padri. Mzee hakucheka. Alimgeukia binti yake, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali:

“Mwanangu, mule ndani hamuna muntu. Muko radio.”

“Papa, anasomaka! Uliza mwalimu.”

“Mwalimu atasema mubaya ya darasa yake?” Akaniangalia. “Usikasirike, citoyen. Camion itatoka samedi. Nitaenda naye.”

Sikukasirika. Mzee alikuwa amekataa kumwamini shahidi mwenye masilahi, na mimi katika nafasi yake ningekataa vilevile.

Asubuhi iliyofuata mama alinijia darasani kabla ya kengele, kapu la samaki kichwani.

“Mwalimu, weka matusi mu ile kintu.”

“Matusi gani?”

“Ya nkambo, ya babu yake! Mivi, magoti, yote. Mimi nilikuwa namutukana nkambo yangu mupaka analia na kicheko.”

“Mama, chombo cha shule hakitukani.”

“Bon. Kitabakia hapa na adabu yake, na mutoto ataenda.”

Alitoka. Nilibaki nikitazama miraba ile. Heshima ya shule ilinizuia, lakini ilinizuia kidogo tu. Sababu nyingine ilikuwa nzito zaidi: tusi nitakalolitunga mimi litakuwa tusi langu. Mtoto angegandamiza mraba mmoja, sentensi yangu ingetoka, na mzee angekuwa amesema kweli. Redio.

Nilifuta “tafadhali,” “samahani,” “nimefurahi” na mengine mawili. Mahali pake niliandika wewe, mimi, kama, sitaki, hakuna. Binti wa jirani akaja kuyarekodi. Maneno hayo hayana picha. Waweza kuchora samaki, hakuna anayeweza kuchora “kama.” Mtoto alipaswa kuyajua kwa herufi zake au asiyajue kabisa. Kwa siku zilizobaki kabla ya Jumamosi, siku ya lori, tuliacha masomo mengine. Niliandika ubaoni: Wewe mwalimu? Hapana, mimi mwalimu. Maji hakuna. Mkate kama kitabu. Kwa sentensi hiyo ya mwisho alicheka kwa sauti yake mwenyewe, akagandamiza “sitaki.” Neno hilo alilipenda kupita yote. Alilitumia kukataa maji, kukataa kitabu, na mara moja kukataa mwalimu.

Sikumwambia la kumjibu babu yake. Najua wako wanaodai kwamba nilimwambia. Hawakuwa darasani.

Ijumaa, baada ya masomo, nilikibeba chombo mwenyewe mpaka uani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, magunia matupu yamekwisha kukunjwa kando yake. Nguo za mtoto zilikuwa zimefungwa katika kitenge. Mama alikuwa akikata mboga, na hakuinua macho.

“Muke wangu,” mzee alianza, kwa wema wa mtu anayesema na mgonjwa, “ulifunga mizigo? Kule Pweto ni harusi.”

Mtoto alilaza mkono juu ya chombo.

“Wewe,” kikasema kisanduku. Halafu, kidole kikateleza: “Choo.”

Uani walicheka. Mtoto alinguruma kwa hasira, akagandamiza “hapana,” akaanza tena kutoka mwanzo. Nilijizuia nisimsogezee chombo. Palipita muda mrefu baina ya neno na neno, muda ambao mtu asiyezoea huujaza kwa kusema yeye.

“Wewe. Kama. Samaki. Kavu.”

Kisu cha mama kikasimama.

“Nani?” mzee aliuliza.

“Wewe.” Na baada ya kutafuta: “Meno. Hakuna.”

Wanawake walipiga vigelegele. Mzee alifunga kinywa upesi, kama mwizi aliyefumaniwa na kitu mkononi, kisha akanielekezea kidole.

“Ni weye ulimufundisha ile!”

“Mimi nilimfundisha kusoma ‘kama’,” nilimjibu. “Samaki ni wa kwenu.”

“Hapana. Zunguka kule, citoyen. Nyuma yake. Nisione macho yako, na yeye asiyaone.”

Nilikwenda nikasimama nyuma ya mtoto, karibu na ukuta. Nilitii kwa furaha, kwa kuwa hilo lilikuwa jaribio la haki. Kutoka pale niliona miraba juu ya bega lake, lakini yeye hakuweza kuniona. Mzee alimsogelea, akaacha sauti ile ya wema. Sasa alimsemesha kama mjukuu.

“Bon! Unanikataa? Nitaoa mwingine, wa Kasenga, muzuri, mwenye kusema na kinywa yake.”

Vigelegele vilikatika. Lilikuwa neno la kuumiza, na kila mtu alilisikia hivyo. Mkono wa mtoto ulivuka miraba yote mipya, ukashuka kwenye mmoja wa ile ya zamani.

“Asante.”

Mzee alimkodolea macho. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, kicheko kikampanda mpaka kikageuka kikohozi, na mama akaacha mboga akaenda kumpiga mgongoni. Mtoto hakuwa amemaliza.

“Mimi. Sitaki. Mzee.”

“Muko muntu!” mzee alipiga kelele, akifuta machozi kwa kiganja. “Mule ndani muko muntu! Muntu mubaya kabisa!”

Akaomba karanga ziletwe. Akamtilia mtoto mwenyewe kinywani, moja moja, huku akimwambia kwamba mwanamke mkali namna hiyo hawezi kumweka nyumbani kwake, atamuua kwa maneno. Mtoto alitafuna na kugandamiza “ndiyo.” Mama alifungua kile kitenge, akarudisha nguo ndani bila kumuuliza mtu.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi tangu nistaafu. Tulikuwa tumempa mtoto maneno ya kushukuru kabla ya kumpa uwezo wa kukataa, na shukrani ya mtu asiyeweza kukataa haina mwenyewe. Neno “asante” lilikuwa katika kisanduku tangu siku ya kwanza, kwa sauti ileile. Lakini lilipokaa karibu na “sitaki,” lilipata mtu wa kulisema. Katika miaka ile watu wazima wengi walikuwa na msamiati wa miraba kama ile yetu, wakaugandamiza kila asubuhi mbele ya bendera. Sitaki kulipanua wazo hili zaidi ya ninavyoweza kulithibitisha.

Jumamosi nilikuwapo lori lilipoondoka. Mzee alikaa juu ya magunia yake matupu, peke yake. Kuhusu mtoto huyo alivyoendelea baada ya mimi kuhamishiwa shule nyingine, nimesikia habari nzuri na nimesikia habari mbaya, na walionipa hawakukubaliana hata juu ya mtaa anaoishi. Sizitii hapa. Jumatatu, kengele ilipolia, alikuwa kwenye benchi lake, chombo kimejaa umeme, nami nilimwuliza kama yuko tayari kuanza somo. Aligandamiza “sitaki.” Tukaanza.