Mpishi wa Jeshi

Ndugu yangu hakujua kupika. Chai tu ilimshinda. Aliichemsha mpaka ikafurika na kuzima moto, kisha akailaumu sufuria. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka kambini na kuniomba nimwambie mama kwamba jeshi limempeleka jikoni, nilicheka hadi nikakaa chini.

"Usicheke, sista. Mum ako na presha. Akisikia niko frontline hatamaliza wiki."

Nilikubali. Yeye ndiye kitindamimba wetu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokwenda kuchuma majani chai. Hakuna alichoniomba nikamnyima.

Mama alifurahi kupita kiasi. Nkubu nzima ilipata habari, kuanzia kanisani hadi kwa wauza ndizi: mwanawe amevuka mpaka na wanajeshi, lakini yeye ni wa sufuria, bunduki anaziona kwa mbali. Kila ndugu yangu alipopiga simu, mama alimpa masomo. Maharagwe ya njahi yaloweke kwanza, la sivyo utamaliza kuni zote. Viazi vya mukimo viponde vikiwa moto. Naye huko aliko akaitika "ndiyo, mama", na hata maswali akauliza: chumvi niweke saa ngapi? Mimi nilisikiliza kando, nimeng'ata midomo nisicheke. Mwongo mkubwa yule. Nilimpenda sana.

Alipouawa, mama alijiambia kwamba bomu liliangukia jikoni. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijitungia mwenyewe, nami nikamwachia. Tulimzika karibu na mibuni yetu. Hata risasi za heshima zilipopigwa, mama alisema jeshi linawathamini wapishi wake. Nikajiambia nitamweleza mambo yakitulia. Hayakutulia.

Miezi kadhaa baadaye, maofisa wawili walikuja nyumbani na nishani ndani ya kisanduku. Mmoja alisoma karatasi polepole, kwa Kiswahili: gari lao lilishambuliwa, likashika moto. Ndugu yangu alirudi motoni mara mbili, akawatoa wenzake wawili. Akarudi mara ya tatu, na hakutoka.

Mama alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Kisha akakisukuma kisanduku kwa yule ofisa.

"Afande, mmepotea. Hii ni ya kijana mwingine. Wangu alikuwa wa kupika. Kuna mama mahali anangojea hii kitu, na nyinyi mmeiweka kwa meza yangu. Mpelekeeni, tafadhali."

Ofisa akaniangalia. Nikinyamaza, nishani itarudi kwenye gari la serikali na ndugu yangu atabaki mtu aliyefia jikoni. Nikisema, mama atampoteza upya, na safari hii atajua alivyokufa.

"Ni yake, mama," nikasema. "Hakupika hata siku moja. Tulikudanganya."

Hakulia. Afadhali angelia, au angenichapa kofi mbele ya wageni, maana nilistahili. Aliitazama nishani, kisha akanitazama mimi.

"Ulijua?" akaniuliza kwa Kimeru.

"Nilijua."

"Hata siku ile aliyouliza chumvi?"

"Hata siku ile, mama."

Maofisa waliaga, mama akawasindikiza hadi langoni kama wageni wengine wowote. Aliporudi alikichukua kisanduku, akakifuta kwa ncha ya leso yake ingawa hakikuwa na vumbi, akakiweka kabatini kando ya Biblia. Nilingoja anitukane.

"Basi huko," akasema, bado amenipa mgongo, "alikuwa akila nini?"

Katika simu zote zile, nikicheka na kung'ata midomo, sikuwahi kumuuliza.