Daktari Okofin

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja pale Oyugis, nikikohoa kwa zamu na wenzangu, wakati wanafunzi wawili wa udaktari waliposimama na bango kutuhutubia. Makampuni ya dawa, walisema, huwapa madaktari zawadi ili waandike dawa zao. "Muulizeni daktari: hii dawa ni ya ugonjwa wangu ama ni ya zawadi yako?"

Nani amuulize daktari maneno kama hayo?

Akaitwa mama mmoja mzee chumbani kwa daktari, na mlango ukabaki wazi. Alimpa daktari mikono yote miwili. "Habari yako, Daktari Okofin?"

"Mimi si Okofin," akasema daktari, ambaye ni mtu wa Kitui.

"Usinifiche, hilo ni jina la huku kwetu. Wewe ni Okofin wa Kasipul ama wa Kabondo?"

"Mama, Okofin ni dawa ya kikohozi!"

Mama akaanza kunyoosha kidole, polepole. Saa ya ukutani, Okofin. Kalenda, Okofin. Kikombe cha chai, Okofin. Kalamu mkononi mwa daktari, Okofin.

"Sasa jina lako wewe limeandikwa wapi?"

Daktari akageuka kutazama kuta zote nne. Akapapasa hata mfuko wa koti.

Wanafunzi walikunja bango lao wakaenda kunywa chai. Zamu yangu ilipofika, nililimeza lile swali la wanafunzi pamoja na kikohozi. Dawa niliyoandikiwa mnaijua.

"Asante, Daktari Okofin," nikasema.

Akaitika.