Mafuta ya Nazi Yaliyoganda

Mama alipaswa kuja Sydney kumkanda mwanangu. Kwetu Tanga mtoto mchanga hukandwa na bibi yake, na mama alishaanza kuuliza habari za viza. Alifariki mimba yangu ikiwa na miezi minane, nikakatazwa kupanda ndege kwenda kumzika. Kilichonifikia, kwa mkono wa msafiri, ni chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe.

Nikajifundisha kukanda kwa video. Niliwatazama mabibi wa Kihindi, wa Kinepali, wa Kijava, nikarudia kila mkono unavyopita, maana mimi kosa dogo hunikosesha usingizi. Lakini kila asubuhi mwanangu alikakamaa akilia, na mikono yangu ikazidi kuogopa. Nilitumia mafuta ya dukani. Yale ya mama yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Niliamini yameharibika, ila kuyatupa sikuweza.

Asubuhi moja ya Julai, mwezi wa baridi kali huku, akabisha hodi bibi wa jirani, Mnepali aliyekuja mtaani kwetu Mount Druitt kulea mjukuu. Kilio kilikuwa kinapenya ukutani. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza.

"Binti, unakanda mtoto au unafua?"

Akaketi kwenye zulia, akanyoosha miguu, akamlaza mwanangu juu ya miundi yake.

"Mafuta?"

Nikamwonyesha chupa. "Yameoza. Ya mama yangu. Amekufa."

Akafungua, akanusa. "Hayajaoza. Yanasikia baridi tu, kama wewe."

Akaniagiza bakuli la maji ya moto, akaitumbukiza chupa. Yakayeyuka taratibu, chumba kikanukia jiko la kwetu. Aliposhika miguu ya mwanangu, mtoto akanyamaza, kisha akasinzia. Nilipaswa kufurahi. Nililia kwa wivu: mikono ile ilikuwa na makunyanzi kama ya mama, na haikuwa ya mama.

Hakunibembeleza. Aliuchukua mkono wangu, akautia mafuta, akauweka kifuani pa mtoto, wa kwake juu.

"Polepole. Havunjiki."

Alipomaliza akaniambia nimwogeshe. Kwao pia kuoga hufuata kukandwa. Nikaitikia. Alipotoka nikabaki palepale zuliani, pua yangu shingoni mwa mwanangu, palipobaki harufu ya mafuta ya mama. Ukutani nilikuwa nimebandika ratiba, saa ya kuoga nimeipigia mstari mwekundu. Siku ile sikumwogesha.