Mwenye Kutia Chumvi

Kwetu mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye chungu. Atapika kila kitu, ila chumvi atatia mwingine. Nyumbani kwetu Musonoi, mji wa migodi, mwingine huyo alikuwa mama mkwe wangu, kwa hiyo sikuwa na siri. Kila nilipomwita jikoni alijua bado sijashika mimba.

Baada ya kukatwa goita shingoni, damu yangu iliharibika. Ilitoka karibu mwezi mzima, nzito, ya kulowesha vitambaa, na mwili ukawa baridi hata jua likiwaka. Mama mkwe alitia chumvi hadi akachoka.

"Sasa mi njo bibi ya mutoto yangu?" aliniuliza siku moja, kana kwamba yeye ndiye mke wa mwanawe. Mume wangu, karani kwenye mgodi uitwao Mashamba, akacheka mpaka mboga ya sombe ikampalia. Mimi sikucheka. Nilitaka mtoto kuliko kitu chochote, na nilichoka kuchekwa.

Hospitalini nilipewa vidonge vya kushika kazi ya tezi iliyokatwa, vya kumeza kila asubuhi kabla ya chai, maisha yangu yote. Mwanzoni dozi ilikuwa ndogo, damu ikaendelea vilevile. Walipoiongeza, damu ikapotea kabisa. Nikajidanganya nina mimba, nikawa natia chumvi kwa madaha huku mama mkwe akinitazama tumbo. Kisha ikarudi, nikalia chooni. Lakini ilirudi nyepesi, ikaisha upesi, na mwezi uliofuata ikaja kwa wakati wake. Muuguzi aliyenihudumia tangu operesheni alifurahi kuliko mimi.

"Damu iko inakuya muzuri sasa, mama. Mutoto naye atakuya."

Nilimwamini kabisa.

Ndipo wenyeji wakaanza kutuambia turudi kwetu Kasai, mkoa walikotoka wazee wetu. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa Musonoi, Kasai sikuijua hata kwa picha. Mume wangu alikuta kiti chake kazini kimekaliwa na mtu mwingine. Vijana wakaja na mawe, tukakimbilia kituo cha gari moshi na masufuria na godoro. Vidonge vilipokaribia kwisha nilirudi hospitalini. Muuguzi wangu alikuwa amefukuzwa pia. Kwenye dirisha la dawa alikaa mwanamume nisiyemjua. Aliniuliza jina, akalisikia ni la wapi.

"Dawa ya Bakasai iko Kasai," akasema, akafunga dirisha. Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo.

Vidonge vilipokwisha, baridi ilirudi kwanza, kisha damu. Pale kituoni hapakuwa na maji wala mahali pa kujisitiri. Mama mkwe alichana kitenge chake cha misa ili nipate vitambaa. Chumvi kidogo tuliyookoa aliifunga kwenye ncha ya kitenge alichovaa. Treni haikuja, tukaendelea kulala chini.

Siku damu ilipokatika, nilikoroga mboga, nikamnyooshea mama mkwe mkono anipe chumvi. Aliutazama uso wangu uliovimba kwa kukosa vidonge, kisha akashika lile fundo la kitenge bila kulifungua.

"Acha, mama. Mi nitatia."

Akatia mwenyewe, akaonja, akafunika. Tangu hapo hakuniuliza tena kama niko mwezini. Niwe mwezini au nisiwe, chumvi ilikuwa yake, na mume wangu hakucheka.